Apeka: faili inayotembea kwa mkono

Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna anayetamka APK kwa Kiingereza. Herufi tulifundishwa kwa Kifaransa, basi ni a-pe-ka, na ukipita mtaa wa Birere mbele ya meza za vijana wanaofungua simu utalisikia neno hilo kama salamu: nitumie apeka, apeka imekataa, apeka hii ni ya zamani. Wanaoipokezana ni wengi. Walioichungulia ndani ni wachache.

Apeka ni faili moja iliyobeba programu nzima ya simu ya Android. Haina uchawi. Ni zip ya kawaida, kama ile unayofungia picha za harusi ili ziende pamoja. Ihamishie kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa jina kutoka .apk kuwa .zip, itafunguka. Ndani kuna AndroidManifest.xml, barua ya utambulisho ya programu: jina lake, namba ya toleo, na ruhusa zote inazotaka kuomba. (Ukiifungua hivi hivi utaona takataka, kwa sababu imegeuzwa kuwa lugha ya mashine, kuna zana za kuirudisha isomeke.) Kuna classes.dex, ambayo ni kodi yenyewe, yaani maagizo yanayoiendesha programu. Kuna folda ya res yenye picha na maandishi, na folda ya lib yenye vipande vilivyoandaliwa kwa kila aina ya prosesa, ubongo wa simu. Apeka ikiwa nzito kupita kiasi, mimi huanza kupekua picha na lib. Kodi mara nyingi haina uzito wa maana.

Kwetu apeka inapendwa kwa sababu ya mega, yaani bando la intaneti. Mtu mmoja akinunua mega na kupakua programu ya MB 60, programu hiyo inaweza kupita kwa Bluetooth, kwa Xender (programu ya kurushiana mafaili) au kwa kadi ya memori hadi simu ishirini bila mtu mwingine kutoa hata franka moja. Android imeacha mlango huo, wa kusakinisha programu bila kupitia dukani, wazi tangu siku zake za mwanzo. Zamani ulikuwa na swichi moja ya simu nzima, "Sources inconnues", yaani vyanzo visivyojulikana. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa inatolewa kwa kila programu peke yake: unaweza kuiruhusu Xender ikusakinishie vitu na kuinyima WhatsApp. Watu wengi hubonyeza ndiyo kwa zote. Wamiliki wa iPhone hawakuwahi kuwa na mlango kama huo. Hata mwaka 2024, Apple ilipolazimishwa na sheria ya Umoja wa Ulaya kuruhusu maduka mengine ya programu, ilifanya hivyo kwa nchi za umoja huo tu.

Siku hizi utasikia watu wakilalamika kwamba programu waliyoitoa kwenye simu ya rafiki haifunguki kwao. Si lazima iwe imeharibika. Tangu Agosti 2021, programu mpya kwenye Google Play hupelekwa na mtengenezaji kwa muundo mwingine, AAB (Android App Bundle), na Google yenyewe ndiyo inayokata apeka za kila simu kulingana na prosesa, skrini na lugha. Simu ya rafiki yako ilipewa vipande vyake. Ukichukua kimoja na kuviacha vingine, umebeba mlango bila nyumba.

Lakini kilichonifanya niandike ni sahihi.

Kabla ya apeka kutoka, mtengenezaji huitia sahihi kwa ufunguo wake, faili ndogo inayofungwa kwa nywila na ambayo yeye peke yake anapaswa kuwa nayo. Fikiria magunia ya maharagi yanayoshuka kutoka Rutshuru, na mkusanyaji mmoja aliyezoea kushona mdomo wa gunia kwa uzi mwekundu na fundo lake mwenyewe. Mnunuzi akiliona fundo lile lile la wiki iliyopita, anajua mambo mawili: gunia limetoka kwa mtu yule yule, na njiani hakuna aliyelifungua. Kama maharagi yana wadudu, fundo halimwambii.

Sahihi ya apeka inafanya kazi hiyo hiyo. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, hesabu yake inaweza kupigwa juu ya faili nzima, na ukigusa hata herufi moja ndani hesabu haitimii tena. Cheti kinachoambatana nayo mtengenezaji amejiandikia mwenyewe, hakuna ofisi iliyokigonga muhuri. Android haikuulizi wewe ni nani. Inakuuliza kama wewe ndiye yule wa jana.

Swali hilo huulizwa siku ya kusasisha. Kila programu ina jina la ndani, la mtindo wa com.fulani.kitu, ambalo halionekani kwenye skrini. Apeka mpya ikija na jina lile lile, simu inalinganisha sahihi mbili. Zikilingana, na toleo likiwa si la nyuma, mpya inakalia kiti cha ya zamani na data zote zinabaki. Zisipolingana, simu inasema kwa ukavu: "Application non installée", programu haikusakinishwa. Mara nyingi sababu haitoi. Kijana wa mezani atakwambia memori imejaa, na mara nyingine anasema kweli, kwa sababu maneno hayo hayo hutokea pia memori ikijaa au faili ikiwa imekatika njiani. Lakini kama nafasi ipo na faili ni kamili, shuku sahihi.

Hapo ndipo mwizi anapogonga mwamba. Kuivunja apeka ya mtu, kuongeza kodi ya kusoma SMS na kuifunga upya si kazi ngumu. Zana ziko wazi na wanafunzi huzitumia kujifunzia. Asichoweza ni kuishona kwa uzi wa mwenyewe. Atashona kwa uzi wake, na simu yako iliyo na programu ya kweli itamkatalia. Basi anabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha jina la ndani, ili programu yake ikae pembeni ya ile ya kweli kama pacha. Ya pili ni kukuomba wewe umsaidie: "Ondoa kwanza ile ya zamani, halafu weka hii." Ukiiondoa, simu inasahau fundo la zamani, na yeyote anaweza kuingia. WhatsApp nyingi zilizochezewa, zile za rangi rangi zinazokuonyesha ujumbe uliofutwa, zimeingia kwenye simu za watu kwa mojawapo ya njia hizo. Mtu akitumia simu hiyo hiyo kwa M-Pesa au Airtel Money, na ameipa programu asiyoijua ruhusa ya kusoma SMS, amekabidhi pochi kwa mgeni.

Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kuongeza swali la pili juu ya lile la kwanza. Kwenye simu za Android zilizothibitishwa, yaani zile zinazokuja na huduma za Google, programu itatakiwa iwe imesajiliwa na mtengenezaji aliyejitambulisha, hata kama haipiti dukani. Ratiba iliyotangazwa inaanza Septemba 2026 kwa Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Mtengenezaji anatoa jina lake halisi, anwani na namba ya simu, na anasajili majina ya ndani ya programu zake pamoja na alama ya ufunguo wake. F-Droid, duka la programu huria lililopo tangu 2010, lilipinga vikali. Novemba mwaka ule ule Google ililegeza kidogo: ikasema itaweka njia ya watumiaji wenye uzoefu kusakinisha programu zisizosajiliwa, baada ya kuonywa, na kwamba kutakuwa na akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza.

Mimi sipingi mwizi kuulizwa jina. Atakayekamatwa leo na kurudi kesho kwa jina jingine atachoka mapema. Lakini fundo likisajiliwa, wadudu bado wanaweza kuwa ndani ya gunia, na wakati huo huo vijana wa hapa wanahesabu vikwazo. Akaunti kamili ya mtengenezaji ni dola 25 za Marekani, mara moja tu. Si nyingi, ila hulipwa kwa kadi, na benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, hata wenye kadi walihangaika. Kitambulisho ambacho wengi wetu tunacho ni kadi ya uchaguzi. Na anwani? Mtaa wangu namba za nyumba zilirudiwa mara mbili, nikimwelekeza mgeni huanza na mti wa avoka.

Naweza kusema haya kwa sababu kosa la ufunguo nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya chama cha akiba, AVEC kama tunavyoziita, cha akina mama wanaouza samaki wadogo, sambaza, kwenye soko la Kituku. Hisa, mikopo, faini ya kuchelewa, basi. Haikupita Google Play. Niliituma kwa WhatsApp. Kama ingepitia huko kwa muundo mpya, Google ingetunza ufunguo wa mwisho, ule unaotia sahihi apeka inayofika kwenye simu, na mimi ningepoteza tu ule wa kuipelekea Google programu, ambao huombwa upya. Ufunguo wangu ulikuwa sehemu moja duniani, kwenye diski ya kompyuta yangu. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa hasira, diski ikafa.

Kodi nilikuwa na nakala yake. Ufunguo sikuwa nao. Na hesabu ya riba ilikuwa na kosa lililotakiwa kurekebishwa kabla ya mgao wa mwisho wa mwaka. Nikarekebisha, nikatengeneza ufunguo mpya, nikatia sahihi, nikajaribu juu ya programu ya zamani: "Application non installée". Nikaketi nikaandika kwenye kundi la chama sentensi niliyokuwa nimebakiwa nayo. Mama zangu, ondoeni kwanza ile ya zamani, halafu muweke hii.

Mama mweka hazina alinijibu kwa sauti, sekunde tisa. "Mwanangu, ulitufundisha mwenyewe atakayetuambia hivyo ni mwizi. Kama kweli ni wewe, njoo Kituku tukuone."

Nilikwenda na daftari. Data zilikuwa ndani ya simu zao, na kuondoa programu kungezifuta, kwa hiyo tulizinakili kwa kalamu, simu moja baada ya nyingine, katikati ya beseni za samaki, huku kila mama akisoma hisa zake kwa sauti na jirani yake akimhakikisha. Simu kumi na nne, siku mbili. Ufunguo mpya sasa uko kwenye flashi mbili. Moja iko kwangu. Nyingine iko ndani ya sanduku la chama, lile lenye kufuli tatu na wanawake watatu wanaotunza funguo zake, na nywila ninayo mimi.