Kwa nini choo cha paka hunuka zaidi kesho kuliko leo?

Kama una paka aliyehasiwa ndani ya nyumba, fanya jaribio hili. Akimaliza tu kukojoa, inamisha pua karibu na beseni lake la mchanga, lile analojisaidia. Hutasikia harufu ya maana. Usilisafishe, rudi kesho yake, na huenda ukageukia mlangoni. Mkojo ni ule ule. Imekuwaje?

Harufu ile kali haikutoka na paka. Imetengenezwa ndani ya beseni baada ya yeye kwenda zake. Mkojo ukitoka huwa na urea nyingi, na urea haina harufu. Lakini mchangani, kwenye kuta za beseni na hata kwenye vumbi la sakafuni kuna bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho huivunja urea ikawa amonia na kaboni dioksidi. Amonia ndiyo hiyo inayochoma pua na kutoa machozi. Bakteria hao hawadai makubwa: unyevu, chakula na muda. Chakula paka huwaletea mwenyewe kila siku, kwa hiyo kazi yako ni kuwanyima unyevu na muda.

Mbona basi wanyama wengine hawafikii kiwango cha paka? Kwanza ni asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na figo zake bado zinabana maji kana kwamba kisima kiko mbali. Paka wa kilo 4 hutoa mkojo wa takriban mililita 100 tu kwa siku, chini ya nusu glasi, na taka zote za mwili zimo humo. Pili ni nyama. Binadamu akila protini kidogo, mwili wake hupunguza kasi ya kuivunja. Mwili wa paka hauna uwezo mkubwa wa kufanya hivyo. Naitrojeni ya dagaa na nyama aliyokula lazima itoke, nayo hutoka kama urea. Maji machache, urea tele.

Halafu ipo harufu nyingine ambayo si amonia. Mkojo wa paka una asidi ya amino iitwayo felinini. Yenyewe hainuki, ila ina salfa ndani yake, na mkojo ukikaa, felinini huvunjika na kuachia kemikali za salfa ambazo pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chembe tu. Mwaka 2006 watafiti wa Japani, akiwemo Masao Miyazaki, walieleza kwamba kuna protini waliyoiita kauxini, inayotengenezwa kwenye figo za paka, ambayo husaidia kuzalisha felinini hiyo. Dume asiyehasiwa hutoa nyingi kuliko wote, maana kwake ni salamu kwa majike na onyo kwa madume wenzake. Ndiyo maana paka shume akirusha mkojo kwenye ukuta wa baraza, unaweza kupiga deki mchana kutwa na jioni bado upo. Mtu anayelalamikia harufu huku dume lake halijahasiwa anapoteza hela ya mchanga. Hapo kisu cha daktari wa mifugo ndicho dawa.

Sasa tuje kwenye kinachowekwa ndani ya beseni. Kwetu wenye paka wengi hawajawahi kuhangaika na choo cha paka: mnyama anatoka, anachimba uani, anafukia, yamekwisha. Shida huanza ukipanga ghorofa ya nne, mlango umefungwa kutwa na paka hana pa kwenda. Cha kwanza kinachomjia mtu akilini ni mchanga wa pwani au wa ujenzi. Paka anaupenda sana, ila chembe ya mchanga hainywi maji. Mkojo hupenya katikati ya chembe na kutuama chini. Juu panaonekana pakavu na pasafi, lakini chomeka kijiti hadi kwenye sakafu ya beseni, utakitoa kimepakaa tope la kijivu linalonata. Hilo tope ndilo kiwanda cha amonia, na hata ukiokota kinyesi cha juu mara tatu kwa siku hujaligusa.

Majivu hunywa maji vizuri, na kwenye vyoo vya shimo yana sifa yake. Lakini majivu ya kuni ni alkali, na amonia ikishakuwepo kwenye alkali huruka hewani kwa urahisi zaidi. Juu ya hayo, yakilowana huchubua nyayo za mnyama, halafu anakuchapia nyayo za kijivu hadi kwenye mto. Mimi ningechukua unga wa mbao ya msonobari kutoka kwa seremala. Mbao hufyonza mkojo hadi ndani ya nyuzi zake, na tindikali yake kidogo husaidia kuishika amonia isiruke. Sharti ni mbili: mbao isiwe imepakwa dawa ya mchwa, na uchekeche kwanza vumbi jepesi ili paka asipige chafya.

Ule mchanga wa paka unaouzwa kwenye mifuko madukani si mchanga, ni udongo. Historia yake inaanzia Cassopolis, Michigan, Marekani, mwaka 1947. Jirani mmoja aliyekuwa akitumia majivu, na kuchoshwa na nyayo nyeusi nyumba nzima, alimwendea Ed Lowe kuomba mchanga. Lowe alikuwa na chengachenga za udongo mkavu wa kufyonzea mafuta yanayomwagika karakana, akampa hizo. Jirani akarudi kutaka tena, na Lowe akaanza kuupakia kwenye mifuko na kuuza. Ule unaoganda madonge ulikuja baadaye, miaka ya 1980, ukitumia bentonaiti, udongo unaovimba ukigusa maji na kushikamana. Ubora wake uko hapo: mkojo unageuka donge unaloweza kulichota lote, badala ya kusambaa.

Ila donge lazima litoke zima. Ukiweka mchanga kidogo, mkojo unafika kwenye plastiki, donge linagandia pale, unalibandua kwa nguvu na linavunjikavunjika. Weka kina cha sentimita 5 hadi 7, chota kwa kijiko kikubwa chenye matundu asubuhi na jioni, na usikoroge. Usiutupe kwenye choo cha maji hata siku moja. Bentonaiti inayovimba ndani ya bomba itakugharimu fundi.

Beseni lenyewe nalo huzeeka. Paka huchimba kwa kucha, na kila mkwaruzo kwenye plastiki ni ufa ambao sabuni haifiki. Pitisha kidole kwenye sakafu ya beseni la miaka miwili utaisikia mikwaruzo hiyo. Mabeseni hayauzwi ghali, kwa hiyo badilisha kila baada ya mwaka hivi. Kama una paka wawili, weka vyoo vitatu. Wataalamu wa paka huhesabu kimoja kwa kila paka na kimoja cha ziada, kwa kuwa wengine hawapendi kuchangia.

Kwenye kuosha, watu wengi hukimbilia kitu chenye harufu kali zaidi. Hapa kuna hatari. Jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini inayoumiza mapafu, yako na ya paka. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama tui zikitiwa majini nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuzichakata kama la binadamu. Akikanyaga na kujilamba, anazimeza. Maji ya moto na sabuni isiyo na marashi yanatosha. Ukitaka kuua amonia iliyobaki, suuza kwa siki iliyochanganywa na maji, maana siki ni tindikali na amonia ni alkali, kisha anika beseni juani likauke kabisa. Kuhusu udi na dawa za kunukisha chumba, wewe utafurahi, paka hatafurahi. Akilichukia beseni kwa harufu yake, atahamia kwenye kapu la nguo.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa kusafisha, nayo ni toxoplasma, kimelea kinachoweza kumwambukiza binadamu na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hutoka kwenye kinyesi cha baadhi ya paka, kwa kawaida kwa wiki chache baada ya paka kuambukizwa mara ya kwanza. Mayai yake yakitoka hayaambukizi. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kinyesi kinachoondolewa kila siku, basi, hakipati nafasi hiyo. Jiki haiwezi mayai hayo, maji yanayochemka yanayaweza. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii, na kama hakuna mwingine, avae glavu na anawe kwa sabuni. Lundo la mchanga wa ujenzi mbele ya nyumba, ambako watoto hucheza mchana na paka wa mtaa hujisaidia usiku, linatisha kuliko beseni linalosafishwa. Lifunike kwa turubai.

Anayechota kila siku hugundua pia mambo ambayo mwingine hayaoni. Madonge yakianza kuwa makubwa na mengi kuliko kawaida, huenda ni kisukari au figo, hasa kwa paka mzee. Na dume akienda chooni mara kwa mara, anachuchumaa, analia, anatoka bila kuacha donge, usidhani amefunga choo ukampa mafuta. Njia ya mkojo inaweza kuwa imeziba, na hilo huua ndani ya siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.