Je, wajua kwa nini tovuti inaporomoka Google ghafla, na inarudishwaje?

Hapa Kigoma watu kibao siku hizi riziki yao inapitia Google, kuna wenye boti za kupeleka wageni Gombe, wenye gesti, wanaouza dagaa na mawese mpaka Dar, na malalamiko ni yale yale: mwezi uliopita ukitafuta boti ya kwenda Gombe tovuti yangu ilikuwa ya tatu, leo haipo hata ukurasa wa tatu na sijagusa kitu chochote. Kulikoni?

Kwanza hakikisha imeshuka kweli. Usipime kwa simu yako mwenyewe, maana Google inaangalia mtafutaji yuko wapi na lugha gani, anachoona mtu aliyekaa Mwanga hapa Kigoma sio anachoona mgeni aliyeko Ujerumani anayepanga safari. Fungua Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti inavyofanya kwenye utafutaji, ni bure, inatunza takwimu za miezi 16, halafu linganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Wageni wengi wa Gombe na Mahale wanakuja kiangazi, Juni mpaka Oktoba, kwa hiyo kuna miezi watu hawatafuti tu na hapo hujashushwa na mtu. Angalia pia kama nafasi yako ya wastani iko pale pale ila wanaobofya ndo wamepungua, hilo nalo lipo sana tangu 2024 Google ilipoanza kuweka majibu ya akili mnemba juu kabisa, mtu anasoma pale anaridhika anaondoka zake.

Kama nafasi yenyewe imeporomoka basi sababu kubwa ni tatu, na ukiwa nje zinafanana kabisa: Google imeshindwa kuisoma tovuti yako, au imekuadhibu, au imewapandisha wengine juu yako. Nasisitiza kuzitenganisha kwa sababu nimeona watu wanavyoteketeza hela kutibu kitu ambacho hawana.

Ya kushindwa kusoma ndo ya kuanza nayo maana inatibika fasta. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ina kiboksi kwenye mipangilio ya usomaji kinachoziambia injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti, fundi anakitiki wakati anajenga au anabadilisha muonekano, anasahau kukitoa, na baada ya muda kurasa zinaanza kufutika moja moja. Au domeini, yaani anwani ya tovuti yako, imeisha muda. Au hosting, yaani seva inakokaa tovuti yako, ilikuwa chini siku kadhaa mfululizo, roboti wa Google kila akija anakuta seva haijibu, mwisho anaziondoa kurasa. Au mmehama kutoka .com kwenda .co.tz bila kuweka ile redairekti ya kudumu, namba 301, inayomwambia Google kwamba ukurasa wa zamani sasa uko huku, kwa hiyo sifa zote ulizojenga miaka mingi zinabaki kwenye anwani iliyokufa. Na kuna hii inayoumiza sana, kudukuliwa. Andika Google site: ikifuatiwa na jina la domeini yako bila kuacha nafasi katikati, ukikuta kurasa za Kijapani zinauza viatu na mikoba ujue kuna mtu kaingia, na mwenye tovuti anaweza asione kitu kwa sababu wadukuzi wanazificha zile kurasa, anaonyeshwa Google tu. Hapo unasafisha mafaili, unabadili nywila zote, unaapdeti plagini (zile programu ndogo zilizoongezwa kwenye tovuti), unaangalia pia kama kuna mtu usiyemjua kajiongeza kama mmiliki kwenye Search Console, maana wanafanya hivyo.

Adhabu ni kitu kingine na ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa mfanyakazi wa Google kaikagua tovuti yako na kukuta umevunja kanuni, ujumbe unawekwa ndani ya Search Console kwenye sehemu ya hatua za mkono (Manual actions). Sehemu hiyo ikiwa tupu, basi hujaadhibiwa na binadamu, acha kuomba msamaha. Wakubwa wamepitia: 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa Google kwa kutengeneza kurasa za kuidanganya injini, na 2011 tovuti ya maduka ya JCPenney ya Marekani ilishushwa baada ya kugundulika linki za kununua, yaani tovuti nyingine zimelipwa ziweke viungo vya kuielekea. Wote walirudi baada ya kuondoa uchafu, na njia ndo hiyo hiyo kwa mdogo: toa kilicholalamikiwa, eleza ukweli ulichofanya, omba ukaguliwe upya.

Sasa ya tatu, na kwa maoni yangu ndo inayowapata wengi. Mara kadhaa kwa mwaka Google inabadilisha namna inavyopima kurasa zote duniani, ndo hizo zinaitwa apdeti, na inatangaza tarehe, ile ya Machi 2024 ilichukua siku 45 kukamilika. Ni kama darasani, mtoto kapata alama zile zile za muhula uliopita ila wenzake wamepanda, nafasi yake inashuka bila yeye kukosea. Kwa hiyo kutafuta kosa la kurekebisha ni kupoteza muda. Subiri apdeti iishe, ongeza wiki moja, halafu tazama kurasa zipi hasa zimeshuka na kwa maneno gani, kisha yatafute maneno hayo usome waliokupita wana nini.

Hapo ndo mtu wa Kigoma ana nguvu ambayo haitumii, na inaniuma. Ukurasa wake unasema Gombe ni hifadhi nzuri yenye sokwe na Jane Goodall alifika 1960, kitu ambacho tovuti mamia zinacho, wakati yeye kila siku yuko Kibirizi na anajua boti za abiria zinaondoka muda gani, ziwa linachafuka miezi ipi, kukodi boti nzima kunagharimu kiasi gani, mvua ikinyesha njia za juu zinakuwaje, mgeni aliyeshuka kwenye treni saa za ajabu alale wapi. Hayo hakuna aliyekaa Arusha au London atayaandika vizuri kumzidi. Weka bei za mwaka huu, picha zako mwenyewe, jina la anayeandika, unganisha kurasa tano nyepesi zinazorudia jambo lile lile ziwe moja iliyoshiba. Kubadilisha tarehe tu ili ionekane mpya haisaidii, Google wenyewe wameshasema.

Muda? Kile kiboksi ukikitoa unaweza kurudi ndani ya siku au wiki chache. Kupitwa na wengine ni miezi, mara nyingine mpaka apdeti kubwa ijayo, na hata hapo sio lazima urudi pale pale. Katikati ya kusubiri ndo anatokea mtu wa kukuahidi namba moja kwa malipo, usimpe hata mia, hakuna mwenye uwezo wa kuahidi hiyo nafasi na linki atakazokununulia ndo zinaweza kukuletea adhabu ambayo hukuwa nayo. Badilisha kitu kimoja kimoja na kila badiliko liandikie tarehe kwenye daftari, ili grafu ikianza kupanda ujue ni kipi kimeipandisha.