Umbali pekee hautoshi kupanga safari ya baiskeli milimani

Wengi hupanga safari ndefu ya baiskeli hifadhini kwa kugawanya umbali kwa kasi waliyoizoea: kilomita 60, kilomita 20 kwa saa, basi saa 3. Kwenye lami tambarare hesabu hiyo haina kasoro kubwa.

Milimani, kinachokula muda ni kupanda. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake kila mita 100 za kwenda mbele unainuka mita 10, pamoja na baiskeli na maji uliyobeba. Husemwa kwamba mteremko utafidia. Haufidii. Ukipanda kilomita 10 kwa kasi ya 5 kwa saa, saa 2 zimekwisha. Ukishuka kilomita hizohizo kwa kasi ya 35, wastani wa safari nzima haufiki 9. Na kwenye mawe au matope, hata kushuka ni kwa breki.

Chukua ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja: inapobanana, kuna mwinuko mkali. Jumlisha mita zote za kupanda. Kisha jipime kwenye kijia kifupi kinachofanana, ukiwa na mzigo uleule, na uhesabu saa zako kabla giza halijaingia.