Shimo liko mlangoni kwako, diwani unamtukana bure: dhana potofu kuhusu vibali na bajeti za manispaa

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa kwa miaka mitano hapa Dar, mtaa wenyewe siutaji maana bado naishi humo na genge la nyanya ni lilelile. Kilichonichosha miaka ile sio vikao, ni mashimo. Anakuja mkandarasi asubuhi na vijana wenye sururu, wanapasua lami ambayo haijaona hata masika mawili, wanalaza bomba au waya wa faiba, wanafukia kwa mchanga, wanasepa, na ikifika jioni watu wamejaa kwa mwenyekiti wanauliza diwani kala shilingi ngapi. Na mimi kabla sijaingia kwenye kamati nilikuwa kwenye hilo kundi la jioni, tena mstari wa mbele. Kwahiyo dhana karibu zote nitakazozitaja hapa niliwahi kuziamini na kuzitangaza mwenyewe.

Dhana: Kibali cha kukata barabara kinatoka manispaa na diwani ndo anapitisha

Hii ndo kubwa yao. Zamani ilikuwa na ukweli wake, barabara za mitaani zilikuwa mikononi mwa halmashauri na injinia wa manispaa ndo alikuwa mwenyewe. Ila tangu tarehe 1 Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, ambao ni wakala wa serikali kuu chini ya TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), sio idara ya manispaa, hata kama ofisi zao wakati mwingine ziko jengo hilohilo na mlango unatazamana na wa mkurugenzi. Zile kubwa, Morogoro Road, Mandela, Bagamoyo Road, hizo ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Sasa mtu akitaka kuvusha bomba au waya kwenye barabara anaenda kwa mwenye barabara, na mwenye barabara sio diwani. Diwani anaweza kumuuliza meneja wa TARURA maswali barazani mpaka jasho limtoke, ila kibali hasaini na hawezi kukifuta.

Kwenye kila shimo kuna watu watatu na sisi huwa tunawachanganya. Kuna mwenye miundombinu, yaani mamlaka ya maji, watu wa umeme au kampuni ya simu. Kuna mkandarasi wake anayechimba. Af kuna mwenye barabara. Kibali kinampa yule wa kwanza ruhusa ya kukata, lakini kinambebesha na mzigo wa barabara kurudi ilivyokuwa, iwe kwa kuirudishia mwenyewe au kwa kulipia gharama ya kuirudishia. Watu wengi wanadhani akishalipia basi kanunua haki ya kuacha handaki. Hapana, lami iliyobaki imekatwa wiki sita ni kazi ambayo haijaisha, na ukienda kulalamika kwa namna hiyo, na picha na tarehe mkononi, unasikilizwa tofauti kabisa na ukienda na matusi.

Kuna siku tuliamua kuacha kulalamika tukamfuata msimamizi wa vijana, tukamwambia kaka tunaomba kuona kibali. Akatoa karatasi kwa kujiamini kabisa. Tukaisoma, ni barua ya utambulisho ya serikali yetu ya mtaa, muhuri wetu, saini ya mwenyekiti wetu, ambaye alikuwa amesimama palepale pembeni yangu! Ndo nikaelewa kwamba hata huku ndani hatukuwa tunajua tunachogonga muhuri. Barua ya mtaa inasema huyu tunamfahamu, amejitambulisha, basi, haimruhusu mtu kugusa hata jiwe la barabara. Kibali chenyewe unatazama kina jina la mwombaji, barabara gani, kutoka wapi mpaka wapi, na kinaisha lini. Kama hakuna hivyo vitu unapigiwa stori.

Dhana: Tukishindwa hapa kwetu twende Jiji, wao ndo wakubwa wa manispaa zote

Ilikuwa hivyo, sio sasa hivi. Ile Halmashauri ya Jiji ya zamani iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa kuwa ndo Jiji la Dar es Salaam. Kwahiyo leo mkoa una halmashauri tano, Jiji la Dar (yaani Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na hakuna yenye mamlaka juu ya mwenzake. Mtu wa Mbezi Luis anayepanda daladala kwenda kulalamika Jiji amepoteza nauli, kwake ni Ubungo.

Dhana: Umeme ni 27,000, ukiambiwa zaidi ya hapo diwani wenu amewauza

Hii imegombanisha watu sana mtaani kwetu na bado inaendelea kugombanisha. Kuna kipindi kweli kuunganishiwa ilikuwa 27,000 mijini na vijijini, watu wakazoea, halafu Januari 2022 bei za mjini zikarudi juu, 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo isiyohitaji nguzo mpya, ukihitaji nguzo moja unavuka laki tano, mbili unakaribia laki saba. Vijijini ikabaki 27,000. Ugomvi wote uko kwenye swali moja, huku kwetu ni mjini au kijijini? Maana kuna maeneo pembezoni yana mashamba ya mihogo na mbuzi wanazurura ila kwenye karatasi ni mtaa, sio kijiji, kwahiyo ukienda na hoja ya mbuzi unarudishwa na karatasi. Diwani anaweza kupiga kelele eneo litazamwe upya, mbunge naye vilevile, lakini bei haipangwi barazani.

Ni hivyohivyo kwa bei ya uniti za umeme na maji, zinapitia EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, sio kwa madiwani. Mamlaka ya maji inapeleka maombi, EWURA wanaita mikutano ya wadau, wananchi wanaruhusiwa kuja kupinga, na wanaokuja wengi wao ni wazee wastaafu, hao nawavulia kofia.

Na kibali cha ujenzi je? Hicho ndo cha halmashauri kweli, hapo usihangaike kwingine. Ila kuwa nacho hakumaanishi maji na umeme vinakufuata vyenyewe, unaanza foleni nyingine kwenye dirisha jingine.

Dhana: Nalipa kodi ya jengo kwenye LUKU kila mwezi, manispaa inaipeleka wapi?

Ilipoingizwa LUKU aliyekuwa anaikusanya ni TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Imekuwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, ilianza kwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500, na ghorofa mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Halmashauri walikuwa wanaikusanya wenyewe zamani na ilikuwa moja ya vyanzo vyao vinono, wakanyang'anywa. Kwahiyo mtu anayesimama mkutanoni na risiti ya LUKU kumdai mkurugenzi kalvati aulize kwanza hela hiyo imefika kwa nani. (Na mpangaji unayekatwa hiyo hela, ni kodi ya mwenye nyumba, mkumbushe kwenye kodi ya pango, kwa upole lakini.)

Hela ya barabara nayo haitoki pale watu wanapodhani. Sehemu kubwa ni tozo unayolipa kwenye mafuta, inaingia Mfuko wa Barabara, na mgawo unaojulikana ni asilimia 70 TANROADS na 30 TARURA. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Yaani bodaboda anayejaza lita mbili kachangia barabara ya mtaa kuliko anavyojua, tena kila siku.

Dhana: Meya akitaka anaidhinisha, hela anazo yeye

Mstahiki Meya ana joho na mkufu, na anaendesha kikao. Anachaguliwa na madiwani wenzake kutoka kati yao. Lakini afisa masuuli, mtu ambaye malipo yanatoka kwa idhini yake na ambaye CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akikuta madudu ndo anayeitwa kujibu, ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Hapo ndo unaelewa kwa nini diwani anaweza kuwa na hasira kama wewe tu. Nguvu yao madiwani ni kupitisha au kukataa, kuhoji, kukagua miradi. Nimeona diwani anayejua kusoma kablasha la bajeti anavyoogopwa na wakuu wa idara, na nimeona wengine watano wanaulizia chai.

Dhana: Bajeti inapangwa Dodoma mwezi wa sita, sisi tunaletewa tu

Bungeni ni mwisho wa safari. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, na ili Bunge limalize kabla ya hapo ya kwenu inatakiwa iwe imeiva mapema sana. Inaanzia mtaani, mkutano wa wakazi unataja vipaumbele, vinapanda kata kwenye WDC, kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, vinaingia manispaa wataalamu wanavipanga, Kamati ya Fedha inachambua, baraza la madiwani linapitisha, kwa kawaida Januari au Februari, inapita RCC, kamati ya ushauri ya mkoa, inaenda TAMISEMI na Hazina, halafu Aprili ndo Bunge la bajeti linaanza. Kwahiyo ile Mei na Juni tunayokaa kwenye tv kusubiri kusikia kama kalvati letu limetajwa, kalvati lilishaingia au kuachwa miezi minne iliyopita.

Mkutano wetu mmoja wa vipaumbele, nakumbuka ilikuwa Novemba, jua la kufa mtu, tulikaa watu kumi na wanne. Watano kati yao ni sisi wajumbe, mmoja alikuja kuulizia barua ya dhamana ya ndugu yake. Tukaandika kalvati, taa mbili na dampo. Wiki moja baadaye palitokea fununu kuna mtu anauziwa kiwanja cha wazi, wakaja watu hawana pa kukaa.

Lakini niwe mkweli pia, kuna kitu kinaitwa ukomo. Mwongozo wa bajeti ukitoka unakuja na kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka, kikombe kimeshapimwa kabla hamjaenda kisimani. Mishahara ya watumishi wengi inatoka Hazina, na ruzuku nyingi zinakuja zikiwa na jina, hela ya madarasa ni ya madarasa, huwezi kuigeuza kalvati hata baraza zima likipiga makofi. Sehemu ambayo sauti ya diwani, na ya kwako, ina uzito kweli ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa huduma ule unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, ada za vibali vya ujenzi. Na humo nako asilimia 10 imeshatengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, na wale waliokuwa wanasema imefutwa wengine mpaka leo hawajaenda kuulizia.

Dhana: Bajeti imepita, kwahiyo hela ipo, wakichelewa wameshaila

Wanaweza kuwa wameila, sikatai, ripoti za CAG za kila mwaka sio hadithi za sungura na fisi. Ila kilichopitishwa ni makadirio. Tuseme manispaa imekadiria kukusanya bilioni kumi za ndani, ikifika Machi wamekusanya tano, kinachoahirishwa kwanza ni miradi, kwa sababu posho na mafuta ya magari vina miguu na kalvati halina. Ruzuku nayo inakuja kwa mafungu, kuna robo mwaka fungu linachelewa na mkandarasi anafunga mashine anaondoka. Swali la kuuliza sio "mlipanga ngapi", hilo wanalipenda maana jibu lake ni zuri siku zote. Uliza "mpaka leo zimeingia ngapi na zimetoka ngapi". Taarifa ya mapato na matumizi ya kila robo unayo haki ya kuiona, inatakiwa ibandikwe ubaoni, na ubao ukiwa na tangazo la mwaka juzi la chanjo ya mbwa, lisemeeni hilo kwanza.

Dhana: Kikao cha baraza ni cha wakubwa, mwananchi haingii

Kamati ndo zinakaa ndani kwa ndani. Baraza lenyewe ni la wazi, unaingia unakaa nyuma, huruhusiwi kuongea ila kusikiliza ruksa. Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa tayari mjumbe mwaka wa tatu, aibu kidogo. Wananchi tulikuwa wanne, mmoja nina uhakika alifuata kiyoyozi. Ikasomwa taarifa ya barabara, mtaa wetu ukatajwa, kalvati lipo, limehamishiwa mwaka wa fedha unaofuata. Mwaka uliofuata nikaenda tena, likatajwa tena, limehamishwa tena. Safari ya tatu nilimbeba mama mwenye genge, yule ambaye maji ya handaki yanaingia kwake, akakaa na khanga yake kichwani mstari wa nyuma kuanzia saa nne mpaka saa nane, akitazamana na diwani wetu. Diwani akasimama mara mbili siku hiyo, kitu ambacho sijawahi kumuona akikifanya. Kalvati limewekwa Septemba, jembamba kuliko tulivyoomba.