Windows 10 kuisha sio kompyuta yako kufa

Huku Mtwara, kuanzia mjini mpaka Masasi na Newala, watu wanaambiana eti Windows 10, ule mfumo unaoendesha kompyuta, imefungwa kwahiyo laptopu za zamani hazina kazi tena, na hela ya korosho ikiingia tu mtu anakimbilia kununua mpya. Sio kweli jamani.

Kilichotokea ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 apdeti zake za kawaida, basi. Kompyuta inawaka, Word inafunguka, printa inatoa kopi kama jana. Hatari ipo ila inakuja polepole, matundu mapya ya usalama yakigundulika hayazibwi tena kwa apdeti za kawaida, na mwenye stesheneri anayechomeka fleshi za watu kutwa nzima ndo wa kwanza kuumia, huyo asipuuzie kabisa.

Windows 11, toleo lililofuata, nayo inakataa mashine nyingi nzima kabisa, sababu inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Fundi akikwambia haikubali muulize kama ameangalia kwenye BIOS, yaani ile mipangilio ya ndani inayofunguliwa kompyuta inapowaka, maana saa nyingine TPM ipo ila imezimwa tu.

Ikigoma kweli, weka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ni bure, sio ya kukraki wala ya majaribio, na inakuja na LibreOffice, programu za ofisi zinazofungua mafaili ya Word na Excel japo mpangilio unaweza kuyumba kidogo. Kopi data zako kwanza pembeni, na kama unategemea programu ya uhasibu ya Windows tu, usifute kitu kabla hujaulizia.