"Lakini daktari, ultrasaundi ilikuwa safi": dhana potofu kuhusu kongosho na EUS

"Lakini daktari, ultrasaundi ilikuwa safi." Maneno haya nimeyasikia mno. Anayeyasema mara nyingi amekonda, maumivu ya juu ya tumbo yanampenya hadi mgongoni, na kwa miezi amekuwa akimeza omeprazole kwa kuambiwa ana vidonda vya tumbo. Ninaomba ripoti yake. Humo imeandikwa kwamba kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi. Hiyo si ripoti safi! Kiungo kisichoonekana hakijapimwa. Aliyempima alisema ukweli, lakini mstari huo ulirukwa na mgonjwa, na wakati mwingine hata na daktari aliyeagiza kipimo.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Mawimbi ya ultrasaundi yakigonga gesi hurudi, kwa hiyo mkia wa kongosho mara nyingi hauonekani kabisa. EUS, yaani ultrasaundi inayofanywa kutoka ndani ya mwili, hukwepa kikwazo hicho. Kifaa cha ultrasaundi kiko kwenye ncha ya endoskopi (mrija mwembamba wenye kamera), kinapita mdomoni hadi tumboni na kwenye duodenamu, mwanzo wa utumbo mdogo, na hapo kongosho liko ng'ambo tu ya ukuta. Umbali ukiwa mfupi hivyo, tunaweza kutumia mawimbi ya masafa ya juu, megahezi 5 hadi 12 au zaidi. Mawimbi hayo hayafiki mbali, ila picha yake ni kali. Ndiyo maana EUS inaweza kuona uvimbe wa chini ya sentimita 2 ambao hata CT, picha za eksirei za kompyuta, imeukosa.

Sisemi kila anayeumwa tumbo akimbilie EUS. Ultrasaundi ya nje ni nzuri sana kwa mawe ya kibofu cha nyongo, ingawa mawe yaliyoteremka kwenye mrija huikwepa. Kongosho lisipoonekana, hatua inayofuata kwa kawaida ni CT yenye dawa ya mshipani, kisha EUS ikihitajika. Ninachokipinga ni kumrudisha nyumbani mtu wa zaidi ya miaka 50, anayekonda na aliyepata kisukari juzijuzi, dalili za kutufanya tushuku kansa ya kongosho, kwa sababu eti picha ilikuwa safi.

Wengine huniambia walishapigwa kamera ya tumboni. Kamera ya kawaida huona ngozi ya ndani ya tumbo. Kilicho nyuma ya ukuta haikioni. Na kwa wanaoogopa mionzi: hapana, EUS haina mionzi.

Kwa EUS tunaweza pia kupitisha sindano na kuchukua seli za uvimbe zikapimwe. Hapo nasikia: "Sindano itaamsha kansa." Seli kusambaa kwenye njia ya sindano kumewahi kuripotiwa, lakini ni nadra, na uvimbe wa kichwa cha kongosho ukipasuliwa, njia hiyo kwa kawaida huondolewa pamoja nao. Uvimbe usioweza kupasuliwa hauanzishiwi kemo bila jibu la patholojia, yaani uchunguzi wa seli maabara. Hatari ninazowaeleza wagonjwa ni kuvuja damu na kongosho kuvimba, na hizo pia hutokea kwa wachache. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, tuambie mapema, wala usiziache kwa uamuzi wako.

Sindano isipokuta kansa, bado haijathibitisha kwamba haipo. Picha ikiendelea kutia shaka, tunarudia.

Halafu kuna familia zinazouza shamba kwenda India kabla hazijauliza hapa. Kenya kipimo hiki kinafanyika, ila katika hospitali chache kubwa, hasa Nairobi, kwa sababu mashine ni ghali na mafunzo ni marefu. Kwa mtu wa Lodwar au Garissa huo ni mzigo mkubwa, nami unaniuma. Basi kabla ya kupanda basi piga simu, uliza kama bei inajumuisha sindano na patholojia, maana bili ya maabara mara nyingi huja peke yake. Na tafadhali, njoo na CD ya CT yako. Ripoti peke yake hainionyeshi pa kuelekeza sindano.