Durga Puja: maana ya kumwabudu mama anayerudi kwao

Puja ni neno la Kisanskriti ambalo kwa kawaida hutafsiriwa kuwa ibada, ingawa tafsiri hiyo huacha nje jambo moja kubwa. Katika puja kamili, mungu anayeabudiwa hupokewa kama anavyopokewa mgeni mheshimiwa nyumbani: hukaribishwa, hupewa pa kukaa, huoshwa miguu, huogeshwa, huvishwa, hufukiziwa ubani, huwashiwa taa, huandaliwa chakula, na mwishowe huagwa. Taratibu za Kihindu huzihesabu huduma hizo kuwa 16. Durga Puja ni mapokezi ya namna hiyo ambayo Wahindu wa Bengal, yaani mashariki ya India pamoja na Bangladesh, humfanyia mungu wa kike Durga katika mwezi wa Ashvin, unaoangukia kati ya Septemba na Oktoba. Mgeni huyo huitwa Ma, maana yake Mama, na asiyeuliza ni mama wa namna gani ataondoka akiwa ameona taa na ngoma tu.

Sura yake ya kwanza ni ya vita. Utenzi wa Devi Mahatmya, wenye beti 700 na uliomo ndani ya Markandeya Purana, unasimulia jinsi zimwi Mahisha, mwenye umbo la nyati, alivyoishinda miungu na kuifukuza mbinguni. Kwa ghadhabu miungu ikatoa mwanga miilini mwao, mianga hiyo ikakutana na kuwa mwanamke mmoja. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani chenye makali, Indra radi, na mlima Himalaya ukampa simba wa kumpanda. Ndipo akamwua Mahisha, na ndiyo sababu sanamu zake huonyesha mikono 10 iliyoshika silaha huku nyati amelala chini ya miguu yake. Hapa ndipo ilipo dhana ya shakti, yaani nguvu: Durga si msaidizi wa miungu ya kiume, bali ndiye nguvu ambayo bila hiyo miungu hiyo haiwezi kitu. Utenzi huohuo unamsifu kuwa akaaye ndani ya kila kiumbe kwa umbo la mama, lakini unasema pia kwamba hukaa humo kwa umbo la usingizi, la njaa, la kiu, hata la kupotoka kwa akili. Umama unaotajwa hapo ni mpana kuliko upole.

Sura ya pili ndiyo Wabengali walioikumbatia zaidi, nayo haina vita. Humo Durga anaitwa Uma, binti wa Himalaya na mkewe Menaka, aliyeolewa na Shiva na kwenda kuishi mbali katika mlima wa Kailash na mume asiye na mali, avaaye ngozi ya mnyama na kujipaka majivu. Mara moja kwa mwaka hupata siku chache za kurudi kwao, akifuatana na wanawe wanne, Lakshmi, Saraswati, Kartik na Ganesh. Nyimbo ziitwazo agamani, yaani za kuwasili, humwimba Menaka akimsihi mumewe aende kumleta mtoto wao. Kwa fikra hiyo Bengal yote huwa nyumba ya wazazi, na waumini wanaomwita Mama humngojea kama binti. Mambo haya mawili hayagongani kwao, kwani Mbengali humwita hata binti yake mdogo Ma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana nasi tunamwita mtoto wa kike wa miaka mitatu “mama” bila kuona ajabu.

Sanamu zinazotumika mjini Kolkata hutengenezwa kwa wingi katika mtaa wa wafinyanzi uitwao Kumartuli. Kwanza hujengwa kiunzi cha mianzi na mbao, kisha mwili wa majani makavu ya mpunga yaliyofungwa kwa kamba, halafu hukandikwa udongo wa mto Hooghly, ambao hukaushwa tu bila kuchomwa. Mila hutaka pia udongo kidogo kutoka mlangoni kwa makahaba, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mwanamume aingiapo humo huacha wema wake kizingitini. Kwangu maelezo hayo yanamfariji zaidi anayeuomba udongo kuliko anayeutoa. Macho huchorwa mwisho, na kwa desturi kazi hiyo hufanywa siku ya Mahalaya, mwezi ukiwa gizani, ambapo fundi hushika pumzi ili mstari wa wino usitetereke.

Hata baada ya macho kuchorwa, kilichopo bado ni udongo. Ni siku ya sita baada ya Mahalaya ndipo kuhani humwamsha Durga kwa dua, na ni baada ya ibada ya kuitia sanamu uhai ndipo husemwa kwamba mgeni amefika. Kwa hiyo anayesema kuwa Wahindu huabudu udongo anakosea kwa kipimo chao wenyewe, kwa sababu udongo huo ulikuwepo wiki nzima bila kuabudiwa. Na kwa kuwa haukuchomwa, hauwezi kumwagiwa maji, basi kuhani huweka kioo mbele ya sanamu na kukiogesha kioo kilichobeba taswira yake. Alfajiri ya siku ya saba hupelekwa mtoni mgomba mchanga uliofungwa pamoja na mimea mingine minane, mpunga, manjano na mkomamanga ikiwemo, ukaogeshwa, ukavishwa sari na kusimamishwa kando ya Ganesh. Watu wengi huudhani kuwa mke wa Ganesh, lakini ni Durga mwenyewe kwa umbo la mimea. Siku ya nane inapoipisha ya tisa, ibada ya dakika 48 hufanyika kwa taa 108.

Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, si Bengal, na kwa sababu hiyo jirani yao wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi huwaona wakimwadhimisha mama huyo katika siku hizohizo kwa namna nyingine. Usiku tisa wa Navaratri watu huzunguka kwa kucheza garba, na katikati ya duara huwekwa chungu chenye matundu na taa inayowaka ndani. Jina garba lenyewe hutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi, nacho chungu ndicho tumbo hilo. UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2021, na garba ikafuata mwaka 2023 katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana.

Siku ya kumi mgeni huagwa. Wanawake walioolewa hupanda juu ya kiti mmoja baada ya mwingine, humpangusa sanamu mashavu kwa jani la tambuu kama anayefutwa machozi, humgusisha midomo kitamu, na kumpaka unga mwekundu wa sindur pale nywele zinapogawanyika. Kisha hupakana wao kwa wao hadi nyuso na sari zote zinakuwa nyekundu. Kuhani huwa ameshamruhusu Durga kuondoka, hivyo kinachobebwa kwenda mtoni kwa ngoma ni udongo tena, na watu hupaza sauti kwamba mwakani itakuwa tena. Majini rangi hutangulia kutoka, udongo hulegea na kurudi mtoni, majani ya mpunga hufunguka. Katika nyumba za kale za Bengal kiunzi cha mbao hutolewa mtoni na kurudishwa nyumbani, kikangoja msimu wa mvua, siku ya sikukuu ya Rath Yatra, kitakapofanyiwa ibada ndogo na kufungwa majani mapya.